Askofu Edward Steere: mwanasheria wa London aliyezikwa Mkunazini

Ukiingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, mwongozaji atakupeleka moja kwa moja mpaka mbele ya altare, akuonyeshe duara la marumaru sakafuni. Hapo, atakwambia, palisimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa, ili mnunuzi ajue nani mwenye nguvu. Wageni hunyamaza, hupiga picha, hutoka. Wachache huzunguka nyuma ya altare, ambako amelazwa mtu aliyelijenga kanisa lile: Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni ya Kianglikana katika Afrika ya Kati, aliyefariki Agosti 1882.

Habari za mtu huyu zimechanganywa sana. Utasikia kwamba yeye ndiye aliyefunga soko la watumwa. Utasikia pia kwamba ndiye baba wa Kiswahili sanifu, na kwamba Biblia ya Kiswahili ni kazi ya mikono yake. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, lakini ukiyaacha yalivyo unawafuta watu wengine wengi: mashekhe, watoto waliotekwa bara, wachapaji, sultani, hata wafanyabiashara wa Kihindi. Naandika makala haya kwa sababu naamini Steere anastahili heshima, na heshima yake haipungui tukiwataja waliomwezesha.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata udaktari wa sheria mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 22, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya maisha ilikuwa imeshanyooka mbele yake. Akaiacha. Alifanywa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858, akahudumu vijijini Lincolnshire, kwanza Skegness kando ya bahari, kisha Little Steeping. Watu wa Skegness walimkumbuka kama mchungaji aliyevua koti akafanya kazi kwa mikono yake. Sifa hiyo iweke akilini, maana tutakutana nayo tena juu ya paa la Mkunazini.

Jirani yake katika utumishi alikuwa William Tozer, na urafiki huo ndio uliomleta Afrika. David Livingstone alikuwa amehutubia Cambridge tarehe 4 Desemba 1857, akawasihi vijana wa vyuo vikuu waje barani, na kutokana na mwito huo ikaundwa misheni iliyojulikana kwa herufi UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alipelekwa nyanda za mto Shire, katika Malawi ya leo. Homa ilimwua Januari 1862, hata mwaka mmoja haujatimia tangu afike. Tozer akateuliwa ashike nafasi yake, na Steere akajitolea kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi ukaja kuwa karibu miaka 20.

Hapa kuna fundo la kwanza la kufungua. Askofu wa Kianglikana kwa kawaida ana dayosisi yenye mipaka, ana kanisa lenye kiti chake, na kule Uingereza ana sheria ya nchi nyuma yake. Askofu wa Afrika ya Kati hakuwa na hata kimoja. Alipewa cheo juu ya nchi ambayo hakuna aliyejua inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa watu ambao hajakutana nao, chini ya watawala ambao hawakumwita. Tozer alipoona watu wake wanaendelea kufa na nyanda za Shire zimevurugwa na vita na njaa, aliamua kuondoka kabisa. Livingstone alikasirika mno. Kwake uamuzi ule ulikuwa ukimbizi. Tarehe 31 Agosti 1864 Tozer na Steere waliteremka Unguja. Ndiyo maana “Askofu wa Afrika ya Kati” akawa anaishi kisiwani, kwa hisani ya Sultani Majid bin Said. Na tusisahau hesabu ya miaka: Unguja haikuwa chini ya himaya ya Uingereza mpaka 1890. Steere alifanya kazi yake yote, tangu siku ya kwanza hadi anafukiwa, katika nchi ya mtawala Mwislamu ambaye angeweza kumwambia aondoke.

Mara tu baada ya kufika, Sultani aliwapa wamisionari wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Vitabu vya misheni husimulia tukio hili kwa furaha, kama mwanzo wa shule, na kweli shule ya Kiungani ilitokana na mbegu hiyo. Lakini tusimame hapo kidogo. Watoto wale hawakuulizwa. Walitolewa mkono mmoja wakatiwa mkono mwingine, wakapewa majina ya Kizungu mbele ya majina yao, wakaanza kufundishwa na watu ambao lugha yao hawaijui. Na Steere naye hakujua lugha yao. Mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa wageni wa Kiswahili, na nadhani jambo hilo limeacha alama katika kila alichoandika baadaye: alijifunza Kiswahili huku akifikiria mtu anayekijua nusu, mtu wa bara anayehitaji kukielewa upesi.

Kazi aliifanya kama wakili anavyokusanya ushahidi. Aliuliza, akaandika, akarudi kuuliza tena kwa mtu mwingine. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapa, naye akawafundisha wavulana kupanga herufi za madini ya risasi moja moja. Alichapa kwanza mkusanyo mdogo wa maneno na kanuni, na mwaka 1870 ukatoka mwongozo kamili wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja. Waliosoma shule zetu watakumbuka kukariri ngeli nane za majina. Mpangilio huo, pamoja na lile neno “mahali” kupewa ngeli yake peke yake, umo tayari katika kitabu cha Steere. Alichapa pia vijitabu vya Kishambaa, Kiyao na Kinyamwezi, maana watoto waliokuwa mbele yake walitoka huko.

Mtu ambaye ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili amjue katika habari hii ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawy. Alizaliwa Barawa, akawa kadhi, akawa mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Unguja wa zama zake. Huyu alijitolea kuifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kilicho safi kabisa, kwa ajili ya rafiki yake Mwingereza. Msomaji wa leo anaweza kushangaa, shekhe kumsaidia kasisi. Lakini Zaburi ni kitabu cha Nabii Daudi, na Mwislamu anaamini kuwa kiliteremshwa na Mwenyezi Mungu. Sheikh Abdulaziz alikuwa na msimamo wake wa dini na hakuyumba, na mijadala baina yake na wamisionari ilikuwa ya wazi. Ila lugha ilikuwa yake pia, na alitaka iandikwe vizuri.

Alifika Zaburi ya 16, kazi ikasimama. Steere alieleza sababu mbili katika dibaji ya mwongozo wake: shekhe alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno kwa makusudio ya misheni. Hata hivyo alizichapa zile zaburi 16, ziwe ukumbusho wa wema wa shekhe na mfano wa kile ambacho mmoja wa wasomi wakubwa wa Unguja alikihesabu kuwa Kiswahili bora kabisa. Kwangu mimi hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya Steere kama mtu wa lugha. Mbele yake palikuwa na Kiswahili cha wanavyuoni, kilichojaa Kiarabu na ushairi wa kale, na palikuwa na Kiswahili cha barazani, sokoni na majahazini. Alichagua cha pili, akakisafisha kidogo kwa msaada wa cha kwanza. Uchaguzi ule haukuwa wa kitaalamu tu. Alikuwa na watoto wa Kiyao na Kinyasa wanaosubiri kufundishwa.

Jambo lingine lililofanana na hilo ni herufi. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya mtambo wa Steere kufika, barua, hesabu na tenzi. Katika maandishi ya zamani herufi moja ya “be” iliweza kusimama kwa b, kwa p na kwa mb, kwa hiyo “baba”, “papa” na “pamba” yakaweza kuandikwa kwa namna moja, na msomaji akapambanua kwa mkondo wa maneno. Kwa mzawa wa Lamu au Unguja hapakuwa na taabu, maana anaijua lugha kabla hajaiona kwenye karatasi. Kwa mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa, anayejifunza kusoma na kusema kwa wakati mmoja, taabu ilikuwapo. Steere akatumia herufi za Kirumi. Tulipata wepesi wa kusoma, na vilevile, polepole, vizazi vyetu vikapoteza uwezo wa kufungua sanduku la babu na kusoma alichoandika. Hasara hiyo si ya kumlaumu Steere peke yake, lakini ni hasara.

Mwaka huohuo wa 1870 alitoa mkusanyo wa hadithi za Kiswahili kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo yumo Sultani Darai, maskini anayechakura jaani kama kuku akitafuta chembe za mtama, akaokota thumuni, akanunua paa. Na paa yule akamtafutia mali, jumba na mke, mpaka tajiri mpya akamsahau aliyemtajirisha, naye paa akafa kwa kunyimwa hata uji mzuri. Mwishowe bwana anaamka palepale jaani. Yumo na Liongo, shujaa asiyepenya mkuki wala mshale, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Mmisionari hakuhitaji hadithi hizi kwa mahubiri. Alizikusanya kwa sababu alitaka lugha kutoka kinywani mwa mtu anayeifurahia, na ukizisoma leo unasikia pumzi ya msimulizi: “akaenda, akaenda, akaenda.” Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya nathari ya Kiswahili yaliyochapwa, na hayapitwi na wakati.

Alikuwa Uingereza wakati vitabu hivyo vinatoka. Alirudi 1872, mwaka ambao kimbunga cha Aprili kiling'oa mikarafuu na kubomoa majumba Unguja. Tozer, afya imemwisha, alijiuzulu 1873. Na mwaka huo ndio wa fundo la pili, lile la soko.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash bin Said tarehe 5 Juni 1873. Barghash hakutaka. Uchumi wa dola yake na wakubwa waliomzunguka ulitegemea biashara ile. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja mwanzoni mwa mwaka akaondoka mikono mitupu; ndipo balozi John Kirk akaleta tishio la manowari kuizingira Unguja. Steere alikuwapo kisiwani kama kiongozi wa misheni, lakini hakufunga soko. Alichofanya ni kufika baada ya lango kufungwa. Kiwanja kilipatikana: sehemu ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi likawekwa.

Tena mkataba ule ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Haukumwachia huru mtumwa aliyekuwa tayari shambani au nyumbani kwa bwana wake. Hao walingoja amri ya mwaka 1897, na wengine wakangoja zaidi. Misafara nayo ilihamia nchi kavu, ikafuata pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Kwa hiyo waumini wa kwanza waliosali katika kibanda cha makuti juu ya soko la zamani walikuwa wamezungukwa na utumwa ulio hai. Kuhusu vyumba vya chini vinavyoonyeshwa watalii leo karibu na kanisa, itafaa kujua kwamba viko chini ya jengo ambalo misheni yenyewe ililijenga kwa ajili ya matibabu miaka mingi baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamehoji kama viliwahi kufungiwa watumwa. Maumivu ya mahali pale ni ya kweli bila kuhitaji kuongezewa.

Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu tarehe 24 Agosti 1874, katika Westminster Abbey, London. Neno lenyewe “askofu” linatoka Kiarabu, usquf, kama “kasisi” na “shemasi” na hata “kanisa”. Wakristo wa Mashariki walikuwa nayo kabla ya Mwingereza yeyote kuvaa joho pwani ya Afrika. Mkewe, Mary Beatrice, waliyeoana 1858, alibaki Uingereza. Barua zilichukua wiki nyingi baharini.

Kanisa alilichora mwenyewe na kulisimamia mwenyewe. Hapa ndipo yule mchungaji wa Skegness aliyevua koti anapoonekana tena. Mbao za kuezekea zingeliwa na mchwa, na bati lingepiga kelele na joto. Akaamua paa liwe kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, limwagwe juu ya kiunzi cha mbao, likauke, kisha kiunzi kiondolewe. Ukumbi una upana wa mita nane na zaidi, na hakuna nguzo katikati. Wengi walitabiri litaanguka. Fikiria siku ya kutoa zile nguzo za mbao: mafundi wa Unguja, wengine huenda walikuwa watumwa wa jana, wakigonga kabari moja baada ya nyingine, na askofu chini ya kuba lake akitazama juu. Paa halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi. Waongozaji husimulia kwamba nguzo za marumaru kwenye sehemu ya ubatizo zilisimamishwa kichwa chini miguu juu askofu alipokuwa safarini. Nenda ukazitazame uamue. Saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash, yuleyule aliyelazimishwa kulifunga soko.

Pale pale Mkunazini Steere alihubiri kwa Kiswahili mbele ya Waislamu waliokuja kumsikiliza na kumjibu. Waliosilimu kwa upande wake, kama naweza kusema hivyo, walikuwa wachache mno. Kanisa la Unguja lilikua kwa watu walioachwa huru, waliokaa Mbweni katika shamba ambalo misheni ililinunua, chini ya kanuni za misheni: kazi, ibada, ndoa ya kanisani. Ulikuwa uhuru wenye uzio. Waliouishi waliufurahia kuliko mnyororo, na wengine waliuchoka, jambo ambalo ni haki ya mtu huru.

Steere aliliona tatizo hilo. Aliona watu wa bara wanakuwa wakazi wa kudumu wa kisiwa, tegemezi, mbali na kwao. Mwaka 1875 alisafiri mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao kule Mwembe, kutafuta njia ya kurudi Nyasa. Mwaka 1876 akaondoka kupitia Lindi na kundi la watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake walioachwa huru, kwa nia ya kuwarudisha karibu na ziwa. Walipofika Masasi, penye majabali makubwa yanayosimama peke yake na maji na udongo mzuri, watu wakasema hapa panatosha. Askofu akakubali. Sipati mfano mwingine katika habari zake unaonionyesha tabia yake vizuri zaidi: mpango ulikuwa wake, cheo kilikuwa chake, na kijiji kikawekwa pale walipotaka waliokuja kuishi. Masasi ya leo, yenye dayosisi yake, imetokana na neno lile la wasafiri waliochoka.

Aliwaamini pia kuwapa daraja. Mwaka 1879 alimfanya John Swedi, aliyeingia misheni akiwa mvulana aliyetekwa, kuwa shemasi. Ukasisi ulichelewa, Cecil Majaliwa, wa kwanza katika misheni ile, aliupata 1890 mikononi mwa Askofu Charles Smythies. Kwamba ilichukua miaka 26 tangu wale wavulana watano hadi kasisi Mwafrika wa kwanza ni jambo ambalo misheni yenyewe ingepaswa kulijibia.

Kuhusu Biblia: Steere alikamilisha Agano Jipya kwa Kiunguja, na Kitabu cha Sala, lakini Biblia nzima ilitoka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake, kwa kazi ya wenzake. Kule Mombasa, mmisionari Johann Ludwig Krapf na shirika la misheni la CMS, la Waanglikana pia, walikuwa wakiandika Kimvita, na kwa miaka mingi Mkristo wa Mombasa na wa Unguja walisoma Injili kwa Kiswahili tofauti. Ukisoma tafsiri ya Steere utaona mitume wa Yesu wanaitwa “mitume”, kwa neno lilelile ambalo jirani Mwislamu humwitia Mtume Muhammad. Hakuunda maneno mapya pale ambapo Waswahili walikuwa nayo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, miaka 46 baada ya mazishi yake, na uamuzi ulikuwa wa serikali za kikoloni. Vitabu vyake na vya mrithi wake katika kazi ya lugha, A. C. Madan, vilikuwa mezani, hilo ni kweli, na watu wa Mvita na Lamu, wenye ushairi mkongwe kuliko wote, wana haki ya kulalamika hadi leo.

Agosti 1882 alirudi Unguja kutoka Uingereza akiwa amechoka. Siku chache baadaye, tarehe 27, hakuamka. Walimzika nyuma ya altare, chini ya lile paa. Septemba, Wangoni waliovuma kwa jina la Magwangwara wakaivamia Masasi, wakachoma kijiji na kuchukua mateka, miongoni mwao watu ambao miaka sita nyuma walikuwa wametembea naye kutoka Lindi wakamwambia hapa panatosha. Habari zilipofika Mkunazini, askofu wa kusomewa hakuwapo tena.